Pamba ya Dole Gumba

Wewe umepima?

Sikuulizi kama mkeo amepima. Sikuulizi kama ulikuwepo siku wenzako walipopima, ukawashikia makoti. Nakuuliza wewe, hiyo damu yako iliyomo ndani ya ngozi yako. Wala usinijibu, maana nusu ya mnaotikisa vichwa hapo mbele mnatikisa kwa kuwa jirani naye anatikisa. Kaa nalo tu hilo swali wakati nasimulia. Mwishoni nitakuongezea la pili, na la pili nitataka jibu.

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura kuongea, ni zamani hii ambayo simu zilikuwepo ila mtandao mpaka upande kilimani, palikuwa na kijiji kikiitwa Ilundavu. Kilikaa juu kabisa, kwenye baridi, kwa watu wa kulima viazi na kuvaa sweta mwaka mzima. Watu wa Ilundavu walikuwa na desturi yao ya majina. Mtoto akizaliwa hapewi jina. Anapewa jina la ziwa, Kadogo, Kanono, Kalialia, lolote litakalokuja mdomoni, na anakwenda nalo hivyo hivyo mpaka aache kunyonya. Akishaacha ziwa ukoo unakusanyika, mtoto anaketishwa mkekani, na shangazi mkubwa anauliza mbele ya wote: "Ni nani, ambaye asingekuwepo, mtoto huyu asingekuwa hivi alivyo?"

Baba anajibu, "Ni mimi." Anataja jina, watu wananawa mikono, wanakula.

Lakini swali lilikuwa la wote. Akitokea mwingine wa kusema "ni mimi," ilikuwa lazima asikilizwe, na atakayeonekana anastahili ndiye ataje jina. Ila hakuwahi kutokea. Nani abishane na baba wa mtoto wakati nyama inapoa?

Siku ya mtoto wa Wende walitokea wanne.

Tuanze na baba, maana asipoanza yeye hatatuacha tuendelee. Nestori alikuwa mtu wa sauti. Aliongoza kwaya, aliongoza kamati ya maji, msibani aliongoza hata kulia. Uongozi wa kijiji ulipotaka mtu wa kuhamasisha upimaji wa virusi vya ukimwi haukuhangaika kumtafuta, ulimkuta ameshashika kipaza sauti. Akapewa fulana nyeupe, akaivaa juu ya sweta, akazunguka nayo vitongoji vyote. "Pimeni, ndugu zangu. Damu haina cheo. Tone moja tu, unajua ulipo."

Alikuwa sahihi, neno kwa neno. Watu wa namna ile mara nyingi huwa sahihi, ndiyo sababu wanachosha.

Siku ya kupima, hema likasimamishwa uwanja wa shule. Ndani akakaa Sista Oresta, muuguzi wa zahanati, mama mpana mwenye ulimi usioogopa mtu. Nje uwanja ukajaa. Ila ukimuuliza yeyote umekuja kufanya nini, atakwambia nimemsindikiza huyu. Huyu naye kamsindikiza yule. Uwanja mzima wasindikizaji, msafiri hakuna.

"Nestori, si wewe ndiye uliyetuita," wakamwambia. "Tangulia tuone."

Nestori akaingia. Watu wakasubiri, wala hawakusubiri sana. Akatoka mkono wa kulia umenyooshwa juu, dole gumba limesimama, na juu ya dole gumba ameibana pamba nyeupe. Akazunguka uwanja nayo kama aliyefunga bao.

"Mmeiona? Nimekufa mimi?"

Watu wakaona pamba. Wakapanga foleni. Wakapima vijana, wakapima wazee, akapima hata Shangazi Edina, shangazi mkubwa wa ukoo wa Nestori, aliyekuwa ameapa kwamba damu yake ataiona Mungu peke yake. Hema lile halikukaukiwa na watu kutwa. Wengi walitoka wakicheka. Baadhi walitoka kimya, Shangazi Edina akiwa mmoja wao, wakaanza dawa, na wakaishi. Hilo lishike, utalihitaji.

Sasa mke. Wende alikuwa na maneno machache, pengine kwa sababu mumewe alishayatumia yote ya nyumba ile. Akashika mimba, mimba ya kwanza. Na zahanati ya Ilundavu ilikuwa na utaratibu wake: siku ya kwanza ya kliniki mama anakuja na baba wa mtoto, wapimwe wote wawili. Anayekuja na mume anahudumiwa mwanzo. Asiye na mume anakaa benchi la ukutani mpaka wenye waume waishe. Utaratibu huo ulitungwa na watu wenye nia njema na magari. Wanawake wa Ilundavu, ambao hawakuwa na magari na waume zao walikuwa na shughuli, wakajifunza kuazima. Mtu anaazima chungu, anaazima viti vya arusi, kwa nini asiazime mume wa asubuhi moja? Unampata jirani mwenye moyo mwema, anakaa benchi, anaitikia jina lisilo lake, anatobolewa, anakwenda zake shambani.

Wende hakuanza kwa kuazima. Alianza kwa kuomba cha kwake.

"Baba, kesho kliniki wanatutaka wote wawili."

"Mimi nimeshapima."

"Wanataka tupime pamoja."

"Wende, kijiji kizima kiliona pamba. Unataka nipimwe mara ngapi, mimi mita ya maji? Nenda wewe. Ukiwa mzima wewe, mimi mzima. Damu ya mke na mume ni moja."

Si moja, na yeye aliyezunguka na kipaza sauti alipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Watu wawili wanaweza kulala kitanda kimoja miaka na miaka, mmoja ana virusi na mwenzake hana. Kumpima mke hakumpimi mume. Ukila wewe, mimi sishibi.

Basi Wende akaenda kwa Aloisi. Aloisi alikuwa jirani yao, fundi cherehani, ndiye aliyeshona majoho ya kwaya ya Nestori. Hakuwa na mke. Sindano zilikuwa zimemchoma vidole mpaka zikachoka.

"Fundi, nina shida ya mume."

"Umekosea mlango, shemeji. Hapa hata mke hakuna."

"Wa asubuhi moja tu. Wa kliniki."

Aloisi akavitazama vidole vyake. "Sindano hainitishi. Kinachonitisha ni jina la Nestori. Nitaliweza mimi?"

"Wakikuuliza, paza sauti kidogo. Wataamini."

Wakaenda. Sista Oresta akauliza, "Jina la baba?" na Aloisi akajibu "Nestori" kwa sauti ambayo Nestori hajawahi kuitumia hata akiwa usingizini. Sista alimjua Nestori. Alishakaa naye hemani uso kwa uso. Akamtazama fundi, akalitazama tumbo la Wende, akaendelea na kazi. Waume wa kuazima alikuwa ameshawaona wengi, na alishaamua moyoni kwamba mtu aliyepimwa kwa jina la uongo damu yake haijadanganya.

"Lete kidole cha pete," akamwambia kila mmoja. "Nitatoboa pembeni, katikati kunauma."

Tone moja la Wende kwenye kipimo chake, tone moja la Aloisi kwenye chake, na juu yake matone ya dawa. Kipimo chenyewe kidogo, kinalala kiganjani. Mkiisha kutobolewa mnakaa. Ukitokea mstari mmoja, kipimo hakijaona kitu. Ikitokea miwili, kimeona, na hapo muuguzi anachukua kipimo cha aina nyingine, anarudia, kwa sababu mtu hahukumiwi na shahidi mmoja. Ndiyo hivyo tu. Hakuna uchawi, hakuna mwanga, hakuna sauti kutoka juu. Kuna kukaa robo saa na mtu mwingine mkitazama ukuta.

Wende, mstari mmoja.

Aloisi, miwili. Sista akarudia kwa kipimo cha pili. Miwili.

Aloisi akasema, "Sista, mimi siyo Nestori. Naitwa Aloisi, ni fundi hapo chini. Kama ni ugonjwa, uwe kwa jina langu."

"Najua, fundi. Kaa."

"Nitashona?"

"Utashona mpaka macho yashindwe kuona tundu la sindano. Kidonge kimoja kila siku, na hukiachi. Umejua mapema, umewahi."

Kisha Sista akamgeukia Wende. "Na wewe, mstari wako huo unaeleza ya nyuma, hauelezi ya juzi. Virusi vikiingia leo, kipimo hakivioni mpaka wiki zipite. Mimba ikikua urudi tupime tena. Na mwenyewe umlete."

"Mwenyewe ameshapima, Sista. Si ulimpima wewe hemani?"

Sista Oresta akakifunga kisanduku chake cha sindano. Akakifungua, akakifunga tena.

"Rudi tu," akasema.

Wende hakurudi. Alikuwa na mstari wake mmoja, akautunza kichwani kama hati ya kiwanja. Tumbo likakua. Sista akatuma mtu amwambie aje. Hakuenda. Akatuma tena. Hakuenda. Akatuma mara ya tatu, na safari hii ujumbe ukapitia kwa fundi, aliyekuwa akienda kuchukua dawa zake. Aloisi akaja akasimama mlangoni.

"Shemeji, nitazame. Siku ile tulipokwenda nilikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Nilikuwa nimekonda?"

"Ulikula viazi vyangu sahani mbili."

"Basi vaa kanga yako twende."

Akaifunga cherehani, akaenda naye. Njia ya zahanati inapita katikati ya soko, na ilikuwa siku ya soko. Wauza maharage wakaona. Wauza nyanya wakaona. Mke wa mwongoza kwaya, tumbo lile, anatembea na kijana asiye na mke, na kijana amemshikia mfuko. Tangu siku hiyo watu wakaanza kupeleka nguo zao kwa fundi wa kijiji cha pili, hata zilizotaka kifungo kimoja.

Zahanati, mistari miwili.

Kipimo cha pili, miwili.

Wende akawahesabu wanaume wa maisha yake, na hesabu ile haikuhitaji kidole cha pili. Sista Oresta hakumwachia nafasi ya kuanguka. Akamwambia, "Wewe umepata. Mtoto bado. Dawa inaanza leo, hapa, mbele yangu. Ukinywa kila siku, huyu wa ndani tunamzuia, na wewe mwenyewe utamlea mpaka akutukane kwa ukaidi." Wende akanywa cha kwanza palepale.

Nyumbani alimkuta mumewe anakula.

"Nestori, nimekutwa na virusi."

Nestori akakirudisha kitonge kwenye sahani. "Umevitoa wapi?"

"Ndilo ninalokuuliza."

"Unaniuliza mimi, niliyepima hadharani? Kijiji kizima kiliona pamba. Na kijiji hicho hicho kimekuona sokoni na fundi. Changanya mwenyewe."

Kijiji kikachanganya. Upande huu pamba, upande ule fundi. Jibu likapatikana bila kalamu. Nestori hakumfukuza mkewe. Alimsamehe. Alimsamehe kwa sauti kubwa, kwaya nzima ikasikia, na Jumapili iliyofuata akamsamehe tena kwa wale waliokosa. Mimi nimewahi kuona watu wakipigwa na wakasimama wima kuliko yule mwanamke aliyekuwa akisamehewa kila wiki kwa kosa asilolifanya.

Alibaki na neno moja tu analolitaka duniani. Mtoto wake akitajwa jina, alitaje yeye, kwa kinywa chake, mbele ya wale wale. Kama jina lingetajwa na Nestori msamehevu, basi habari ya pamba na fundi ingefungwa na nyama ikaliwa juu yake, na binti yake angekua ndani ya habari hiyo.

Alikuwa binti. Alizaliwa salama, akapewa jina la ziwa, Kanono. Akapewa dawa ya maji ya kumkinga. Wiki chache baadaye Sista akamtoboa kisigino, damu ikapelekwa mbali, majibu yakarudi mazuri. Mama akaendelea kunywa dawa na kunyonyesha, kunywa na kunyonyesha. Mtoto akaota meno, akapimwa tena, salama. Akaacha ziwa, zikasubiriwa wiki zinazotakiwa, akapimwa mara ya mwisho.

Mstari mmoja. Na huu haukuwa hati ya kiwanja ya kujidanganya, ulikuwa umefuatiliwa tangu tumboni.

Basi ukoo ukakusanyika. Mkeka ukatandikwa uani, Kanono akaketishwa, akaanza kuung'oa ukindu wake. Sufuria zilikuwa zinapumua pembeni. Wende alikuwa amemwalika Sista Oresta. Aloisi hakualikwa na mtu, alisimama nje ya ua kama anayesubiri kuitwa mahakamani.

Shangazi Edina akasimama. "Ni nani, ambaye asingekuwepo, mtoto huyu asingekuwa hivi alivyo?"

"Ni mimi," akasema Nestori, na akapumua ili ataje jina.

"Ni mimi," akasema Wende.

"Kama linaulizwa kwa wote," akasema Aloisi kutoka nje ya ua, "basi hata mimi."

Sista Oresta akaweka kikombe chini. "Na mimi."

Shangazi akawatazama wote, akaketi. "Funikeni sufuria," akasema. "Ingia ndani, fundi, usitufanye tuongee na ua."

Nestori alisema wa kwanza, kama kawaida. "Mimi ni baba, hilo peke yake lingetosha. Lakini niondoeni mimi katika habari hii muone. Mnakumbuka uwanja wa shule? Wote mmesindikizana. Mimi nikaingia, nikatoka, mkaona pamba, mkapima. Mngetawanyika siku ile, dawa zingeletwa Ilundavu kwa ajili ya nani? Sista angerudi na sindano zake, na mke wangu leo angekunywa nini? Niondoeni mimi, mtoto huyu hana mkeka wa kukalia."

"Hapo hajakosea," akasema Shangazi Edina. "Mimi niliapa sipimi, na nilipima kwa pamba ya huyu. Ninachokunywa kila asubuhi mnakijua, sijawahi kukificha chini ya godoro. Isingekuwa ile pamba, leo mngekuwa mnauliza shangazi mkubwa ni nani."

Watu wakaguna kukubali. Ni kweli walikubali, na wewe ungekubali.

Aloisi akafuata. "Mimi sina mengi. Mtoto huyu sikumzaa." Watu wakakohoa. "Kohoeni mpaka mmalize. Sikumzaa. Nilikwenda kliniki na mama yake kwa jina lisilo langu, nikarudi na ugonjwa ulio wangu. Siku aliyokataa kurudi alinitazama mimi, mnene, mzima, mla viazi, mwenye mistari miwili, ndipo akavaa kanga. Nikatembea naye sokoni mchana, na tangu hapo nashona nguo zangu tu. Niondoeni mimi, angekaa nyumbani na mstari wake wa zamani mpaka uchungu umkute."

"Kwa hiyo unataka jina kwa kutembea sokoni?" akasema Nestori.

"Wewe unalitaka kwa kuzunguka uwanja wa shule. Mimi nilitembea mbali zaidi."

Mtu akacheka, akajifanya amepaliwa.

Sista Oresta alizungumza akiwa amekaa. "Wende amenipa ruhusa, ndiyo maana nasema. Nilimwambia arudi, hakurudi. Nikatuma mtu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengine wanatuma mara moja wanalala. Niondoeni mimi, kipimo cha kwanza kingekuwa cha mwisho, na huyu hapa mkekani angezaliwa bila mtu kujua kinachomjia." Alisema vizuri, ila hakumtazama Wende alipokuwa akisema.

Wende akasimama wa mwisho. "Hawa wote walinifikisha mlangoni kwa dawa. Aliyezimeza ni mimi. Siku nilizotapika nilimeza. Siku mlizonyamaza ghafla nikifika kisimani nilimeza. Siku nilizosamehewa nilimeza mara moja tu, maana dozi ni moja, lakini nilitamani mbili. Niondoeni mimi, wote hawa wana maneno, mtoto hakuna."

"Lakini ulidanganya," akasema Nestori. "Ulimpeleka mwanamume mwingine kwa jina langu. Anza na hilo kabla hujaomba kutaja jina la mtu."

"Nilidanganya. Mwenye jina hakuja."

"Mwenye jina alikuwa ameshapima."

Wende akamtazama. Kisha akauliza swali dogo, kwa sauti ya kuulizia chumvi. "Kidole kipi?"

"Nini?"

"Walikutoboa kidole kipi?"

"Kidole kipi, kijiji kizima kiliona." Na Nestori, mbele ya ukoo wake wote, akaunyoosha mkono wa kulia na kulisimamisha dole gumba, kama alivyolisimamisha siku ile uwanjani.

Bibi mmoja aliyekuwa karibu na sufuria akautazama mkono wake mwenyewe. Akakishika kidole cha pete. "Mimi walinitoboa hiki," akasema, kama anayejisemea. "Na mimi hiki," akasema wa pembeni yake. Mzee mmoja akavua glavu ya baridi atazame chake. Ikazunguka hivyo ua mzima, vichwa vimeinama, kila mtu anaangalia kidole cha pete, na katikati yao dole gumba moja limesimama peke yake.

"Sista," akasema Shangazi Edina. "Huwa mnatoboa dole gumba?"

Sista Oresta akasimama. "Habari ya mtu niliyemhudumia siisemi, hata mkinifunga kamba. Yangu nitasema. Siku ile ya hema nilitoa pamba moja bila kutoboa. Niliitoa ili foleni ianze, na foleni ikaanza, na usiku nililala vizuri. Halafu alikuja mtu kliniki ambaye ilikuwa haki yake nimkazanie, nimwambie usiiamini pamba yoyote, mpaka uione damu ya mwenzio kwenye kipimo mkiwa mmekaa wote. Niliogopa aibu yangu. Nilimwambia, 'Rudi tu.' Alipokuja mara ya kwanza alikuwa na mstari mmoja."

Wende akafumba macho. Rudi tu. Alikuwa anakumbuka hata kufungwa kwa kile kisanduku.

Sasa hakuna aliyekuwa akimtazama Sista. Nestori alikuwa bado amenyoosha mkono, nadhani alisahau kuushusha. Aliushusha taratibu. Kanono, aliyekuwa amechoka na ukindu, akalidaka lile dole gumba lilipofika usawa wake, akalishika kwa mkono mzima kama watoto wanavyoshika.

"Nestori," akasema Shangazi Edina. "Mwanangu. Mimi niko hai kwa hiyo pamba. Sema."

Akasema kitu ambacho hakikusikika. Ilikuwa mara ya kwanza Ilundavu kumwomba mtu yule apaze sauti.

"Sikutobolewa," akasema Nestori. "Niliingia, nikaiona ile sindano, si sindano, nikaona kile kipimo, nikajua kitanijibu. Nikamwambia Sista nimeshapima mjini, nipe pamba tu watu waingie. Sikupima mjini. Sijapima popote. Damu yangu mpaka leo sijui inasema nini. Pamba ile nikatoka nayo uwanjani mkapona, nikaenda nayo nyumbani nikampigia nayo mke wangu, na nilijua. Kila Jumapili nilijua."

Haya. Sufuria zimefunikwa na mtoto yuko mkekani hana jina. Aliyedanganya uwanja mzima ukapona, aliyetoa pamba na baadaye akatuma mtu mara tatu, aliyeitikia jina la mwenzake akaondoka na ugonjwa wake, aliyeazima mume kisha akameza kila siku: wote wapo uani, na kila mmoja ukimwondoa, mtoto anaondoka naye. Usinijibu kwamba wote, ni mmoja tu anayetaja jina. Wala usimtazame jirani yako.

Je, nani alistahili?